Goli Lisilotangazwa

Chiriku alipewa jina hilo na mama yake kabla hajaanza shule, kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Akila anaongea, akioga anaongea, na mdogo wake, aliyelala naye chumba kimoja, aliapa kwamba hata usingizini hanyamazi. Alipokuwa mtu mzima maneno yale yakamfaa kazini. Alikuwa mpiga video wa harusi, na hakuna awezaye kumtuliza bibi harusi ambaye gauni lake limegoma kufunga zipu kama mtu asiyenyamaza.

Mdogo wake alikuwa kinyume chake kabisa. Ukimuuliza swali anafikiri kwanza, na akishafikiri huenda asijibu. Alikuwa golikipa wa timu ya daraja la pili, na watu wote walimwita Kipa, mpaka mama yake.

Mama yao ndiye aliyekuwa na wazimu wa mpira katika nyumba ile. Kwa miaka mingi alikuwa akienda uwanjani na kimto chake cha kukalia, anaketi nyuma ya goli la mwanawe na kuwaelekeza mabeki kwa sauti kubwa kuliko kocha. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Alianza kwa kushindwa kusoma namba mgongoni mwa wachezaji, na mwisho akawa hamtofautishi mwamuzi na mlingoti wa goli. Daktari alimpa dawa ya matone na akamwambia ukweli: dawa itachelewesha, haitarudisha. Redio nazo zilitangaza ligi kuu peke yake. Daraja la pili lilikuwa la mashabiki wanaoweza kufika na kuona wenyewe.

Kwa hiyo kila mechi ya Kipa ambayo haikugongana na harusi, Chiriku alikwenda uwanjani, akampigia mama yake simu na kumsimulia. Mume wake, aliyekuwa fundi wa kompyuta na ambaye watu walimwita Fundi tu, alivumilia mpaka akachoka.

"Unamaliza salio bure," alimwambia. "Weka simu kwenye stendi yako ya kamera, urushe mubashara mtandaoni. Mama atafungua atasikiliza, na sikio lako litapumzika."

"Na picha ya nini, wakati mama haoni?"

"Picha ya wenye macho. Si lazima asikilize peke yake."

Ndivyo ilivyozaliwa Filimbi Mtandaoni. Jina alilitoa Fundi, na siku ya kwanza ilikuwa na msikilizaji mmoja, aliyekaa sebuleni kwake na spika ya simu masikioni, akiuliza maswali ambayo hakuna aliyeweza kuyajibu kwa kuwa matangazo hayapokei simu.

Kitu ambacho hakuna aliyekipanga ni kwamba Chiriku hakujua kutangaza kama watangazaji. Alikuwa na mama yake kichwani. Hakusema "mpira unatoka", alisema umetoka upande wa kushoto karibu na kibendera, umemgonga paja beki yule mrefu, na sasa anaufuata huku anavuta soksi juu. Alisema wapi kuna kivuli na wapi nyasi zimeisha. Alisema sura ya kocha. Baada ya muda wakaanza kuingia watu asiowajua: wazazi wa wachezaji wengine, washonaji ambao macho yao yako kwenye cherehani lakini masikio yana nafasi, walinzi wa mageti, madereva wanaosubiri mizigo, na watu wengi wenye bando dogo ambao walizima picha kabisa na kubaki na sauti. Kisha timu nyingine zikaanza kuandika: njooni na kwetu.

Wakapanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako ngazi zilinuka rangi na mafuta ya taa. Chiriku akawachukua wapiga picha wawili waliokuwa wakipiga naye video za harusi. Walitangaza daraja la pili, mpira wa wavu wa wanawake, na mashindano ya shule. Hawakuwa wakubwa. Walikuwa wanajulikana na wanaowajua.

Kilichowafanya wakubwa ni goli moja.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na timu ya Kipa ilihitaji sare tu ipande daraja. Dakika zilikuwa zinakwisha, matokeo sifuri kwa sifuri, na watu wa benchi walishaanza kukumbatiana mabega. Beki wa upande wa pili, akiwa mbali nyuma ya mstari wa kati, alipiga mpira juu ili tu auondoe kwake. Kipa akatoka langoni kuupokea, kama alivyofanya maisha yake yote. Mpira ukadunda mahali palipokauka ukampita juu ya kichwa. Akageuka akaukimbilia. Mpira wenyewe haukuwa na haraka, ulikuwa unakwenda kama mtu aliyetumwa dukani. Kipa akaruka, akaudaka kwa mikono miwili, barabara kabisa, ndani ya wavu. Mguu wake ukanasa kwenye nyuzi, na ikabidi wenzake wawili waje kumfungua.

Chiriku, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza. Matangazo yakabaki na upepo na vicheko vya watu. Sauti iliporudi, alisema matokeo tu, na kwamba mechi imekwisha.

Jioni ile Fundi alikaa mezani na kompyuta huku anacheka peke yake. Alikuwa amekikata kile kipande cha video, akakiwekea tarumbeta ya vichekesho inayokwenda sambamba na hatua za Kipa, na juu akaandika: Mlango Wazi.

"Hebu njoo uone," akamwita mkewe.

Chiriku akaangalia. Alikuwa na huzuni tangu uwanjani, lakini tarumbeta ilipofika pale mguu unaponasa, kicheko kilimtoka kabla hajakizuia.

"Atakasirika," alisema.

"Ni shemeji yangu. Nisipomtania mimi atataniwa na nani? Kesho atakuwa ameshasahau."

Chiriku hakusema pandisha, wala hakusema usipandishe. Akaenda kuosha vyombo.

Asubuhi kilikuwa kimeangaliwa na watu wengi kuliko waliowahi kuangalia kazi zao zote zikijumlishwa pamoja. Kufikia mwisho wa wiki kilikuwa kimefika kwa watu ambao hawajui hata neno moja la lugha yao, lakini tarumbeta na mguu ulionasa havihitaji mkalimani. Kila aliyecheka alitaka kujua video imetoka wapi, na wengi walioingia kutazama walibaki, kwa sababu ya ile sauti inayoeleza kila kitu. Simu ya ofisini haikutulia. Kiwanda kimoja cha magodoro kikaomba kudhamini matangazo, na mtu wao wa masoko akaja na wazo kwamba kile kipande kirudiwe, safari hii Kipa aangukie godoro. Hilo Chiriku alilikataa papo hapo. Udhamini wenyewe aliupokea.

Kipa alikuja siku chache baadaye. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Shemeji, umenifanya maarufu," alimwambia Fundi.

Fundi akacheka, akasogeza kiti. Kipa hakukitazama kile kiti. Alikuwa anamtazama dada yake.

"Dada, uliiona kabla haijapandishwa?"

Chiriku alitafuta maneno, yeye asiyewahi kuishiwa maneno.

"Niliiona."

"Haya," Kipa akasema, akashuka ngazi.

Alipoondoka Chiriku alimwambia mumewe waishushe. Fundi akamwonyesha kwenye simu kurasa nyingine zilizoichukua, moja baada ya nyingine. "Tukishusha yetu, tunawaachia wao watazamaji," alisema. "Yeye haimsaidii na sisi inatuumiza." Yalikuwa maneno yenye akili, na Chiriku aliyakubali kwa sababu alitaka kuyakubali.

Klabu ilimwacha Kipa kabla msimu mpya haujaanza. Mwenyekiti alisema wanataka damu changa, ingawa waliyemleta alikuwa amemzidi umri. Akapata kazi kwenye ghala la vigae, na baada ya kazi akawa anafundisha makipa kwenye kiwanja cha shule jirani. Wapita njia walimwita Mlango Wazi, wengine kwa ubaya, wengine wakidhani ndilo jina lake. Kwa mama aliendelea kwenda, ila alichagua saa ambazo dada yake yuko kazini. Wakikutana kwa bahati mbaya alisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akaaga. Heshima yake ndiyo iliyomkata Chiriku maini. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Nao Filimbi wakapaa. Bodi ya ligi iliwapa haki ya kutangaza daraja lote la pili. Wakahama juu ya duka la vifaa wakaenda kwenye jengo lenye lifti. Wakaajiri watu, wakanunua kamera ambazo hazitikisiki mtu akipiga chafya. Chiriku aliacha harusi. Akienda sokoni watu waligeuka kabla hajalipa, kwa kuwa walishaijua sauti.

Lakini hawakuwa peke yao. Kulikuwa na mtandao mwingine uliopewa haki hizo hizo, ulioitwa Kiwanja Kwanza, wa bwana mmoja aliyekuwa akiuza bima kabla ya kuingia kwenye michezo, na watu walimwita Bima mpaka usoni, naye aliitika. Kiwanja Kwanza walikuwa na picha safi sana. Ungeweza kuona jasho la mchezaji likichagua njia. Watangazaji wao walivaa tai, wakasema maneno machache, wakaacha picha ijisemee. Filimbi walikuwa na sauti, na picha za kujikongoja. Mashabiki waligawanyika, na wengi walilalamika kwamba wanalipia sehemu mbili ili wapate kitu kimoja. Uwanjani mafundi wao waligombania jukwaa lile lile la mbao na soketi ile ile ya umeme, na mara moja mtu wa Kiwanja Kwanza alichomoa waya wa Filimbi ili achaji simu yake. Alisema hakujua. Hakuna aliyemwamini.

Siku bodi ya ligi ilipotangaza kwamba msimu ujao haki zitauzwa kwa mtandao mmoja tu, Bima alimpigia simu Chiriku mwenyewe.

"Dada yangu," alisema kwa ile sauti yake ya kukuuzia amani, "sisi tunavutana shuka moja, na wote tunalala miguu nje. Tuzungumze."

Fundi aliruka kwa furaha. Alikuwa amechoka kukimbizana na mitambo ya watu wenye mitaji. Chiriku hakuruka, lakini alikuwa mtu wa hesabu za kawaida: wakishindana, mmoja atakufa, na huenda ni yeye. Wakaanza vikao.

Vikao vilikwenda kwa upole. Bima alikuwa mtu wa adabu, aliyekumbuka nani anakunywa chai bila sukari. Walikubaliana kuhusu wafanyakazi, kwamba hakuna atakayemwaga unga katika mwaka wa kwanza. Walikubaliana kuhusu mitambo. Jina ndilo lililowachosha. Bima hakutaka Kiwanja kipotee, Chiriku hakutaka Filimbi ipotee, na mwanasheria alipendekeza maneno yote manne yaunganishwe, ikatoka kitu kirefu kama anwani. Mwishowe kila upande ukakata nusu yake. Jina likawa Filimbi Kwanza.

"Kama watu waliooana wakabaki kila mtu na kiatu kimoja," Bima alisema, na hata mwanasheria akacheka.

Katika kikao kilichodhaniwa kuwa cha mwisho, walifika kwenye video za zamani. Kila upande ulikuwa unaleta zake, ziwe mali ya mtandao mpya. Bima akafungua skrini ya ukutani.

"Na hii hapa," alisema, "washirika wangu wanaipenda mno. Tunafikiri ndiyo tuanze nayo kwenye tangazo la uzinduzi. Kila mtu anaijua."

Tarumbeta ikalia. Kipa akatoka langoni.

"Hiyo haimo," Chiriku akasema.

Fundi alimgusa kwa goti chini ya meza.

"Haimo wapi?" Bima aliuliza.

"Kwenye tangazo, wala kwenye mali. Hiyo naiondoa."

"Dada yangu, hiyo ndiyo iliyowatoa. Ukiiondoa hiyo, unaniletea nyumba isiyo na paa."

"Yule ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Bima alinyoosha mkono akazima skrini, ikamchukua muda kupata kitufe.

"Sikujua," alisema.

"Wengi hawajui."

Akazungusha kikombe chake juu ya kisahani. "Na yeye anasemaje?" aliuliza.

Chiriku akatikisa kichwa. Hakuwahi kumuuliza.

"Basi kamuulize," Bima akasema. "Mimi nikienda kwa washirika wangu nikawaambia dada mtu anaona haya, watanicheka. Nikiwaambia mwenyewe kakataa, hilo ni jambo lingine. Karatasi zitasubiri."

Ndani ya gari Fundi hakuwasha injini.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema. "Tulikuwa tumefika mwisho, mke wangu. Mwisho kabisa."

"Najua."

"Mambo ya zamani yale."

"Kwako. Yeye anaitwa Mlango Wazi kila siku." Kisha akaongeza, taratibu, "Sikulaumu wewe, baba. Wewe ulifanya utani wa shemeji. Mimi ndiye dada, na mimi nilikwenda kuosha vyombo."

Fundi alitazama usukani. Alikuwa amejitayarisha kugombana, na sasa hakuwa na mtu wa kugombana naye. Akawasha gari.

Jumapili iliyofuata Chiriku alikwenda kwa mama yake saa ambayo kwa kawaida angekuwa kazini. Alimkuta Kipa jikoni, mikono ya shati imekunjwa, akibadilisha mpira wa bomba lililokuwa linavuja. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, akisimamia kazi kwa masikio.

"Bado linadondosha," mama alikuwa anasema.

"Sijafunga bado, mama."

"Nani kaingia? Chiriku? Leo umeingia kimya, unaumwa?"

Chiriku akamwamkia mama yake, akavuta kigoda. Kipa alimsalimia akarudi kwenye bomba. Chiriku alikuwa amepanga hotuba nzima njiani, yenye mwanzo na mwisho. Ilimtoka yote kichwani alipoona mikono ya mdogo wake, mikono ile mipana ya kudaka, ikishughulika na kijimpira kidogo kama kitufe cha shati.

"Tunaungana na Kiwanja Kwanza," alisema. "Wanaitaka ile video. Nimesema naifuta, wameniambia nikuulize wewe."

Kipa aliendelea kukaza bomba.

"Wamekuambia uniulize."

"Ndiyo."

"Usingeambiwa?"

"Ningeifuta tu, bila kukuuliza. Kama nilivyoiacha ipande bila kukuuliza."

Kipa akaweka spana juu ya sinki. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ukiifuta inafutika kwako," alisema. "Watu wanayo kwenye simu zao. Kuna mtoto nilianza kumfundisha juzi, alinionyesha ili anichangamshe. Hakujua ni mimi." Akanyamaza, na dada yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, akamsubiri. "Goli halikuniuma hivyo. Makipa wote wanafungwa magoli ya kijinga, ndiyo kazi yenyewe. Lakini nilirudi nyumbani siku ile nikawa nasema, basi, angalau dada ataeleza. Dada atasema pale palikauka. Nikafungua kusikiliza. Hakuna kitu. Kisha kesho yake nikasikia tarumbeta."

"Sikuweza kusema."

"Najua. Ila aliyesema badala yako ni tarumbeta."

Bomba lilikuwa limeacha kudondosha. Mama yao aligeuza uso upande wao.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Wewe nini, mama?"

"Mimi sijui mpaka leo lile goli liliingiaje. Nilikuwa nimekaa hapo sebuleni. Nikasikia huyu amekata kauli, nikasikia watu wanacheka, nikajua mwanangu kafungwa. Basi. Majirani wote wameliona, mimi niliyewazaa nyote sijaliona. Nikiuliza, kila mtu ananiambia achana nalo, mama. Leo mko wote wawili. Nielezeni."

Chiriku alimtazama mdogo wake. Kipa akainua mabega, maana yake, haya, sema.

Akaanza. Mwanzoni sauti ilikuwa ya mtu anayeungama, kisha ikapata njia yake. Alisema jua lilikuwa upande gani. Alisema beki wa wale wengine alikuwa mbali, amechoka, mikono kiunoni mpaka mpira ulipomfikia, na kwamba alipiga bila kutazama. Alisema mpira ulivyopanda.

"Ulikuwa na upepo nyuma yake," Kipa akasema.

"Ulikuwa na upepo. Kipa akatoka. Akapita alama ya penalti."

"Hapana. Nilifika mwisho wa eneo langu. Hatua moja nje."

"Sawa, akafika mwisho wa eneo. Sasa, mama, pale mbele yake nyasi hazikuwepo. Palikuwa pamekauka kama sakafu, duara hivi, ukubwa wa sinia. Mpira ukadondokea palepale."

"Ukapaa," Kipa akasema. Alikuwa ameinuka, ameinua mkono juu ya kichwa, ingawa mama yake hakuweza kuuona. "Nilirudi nyuma hatua mbili nikiutazama. Nikajua nimekwisha."

Wakaendelea hivyo wakipokezana, huyu akisema, yule akirekebisha, mpaka kwenye mkimbio, mpaka kwenye wavu. Chiriku alieleza ule mguu: namna uzi wa kwanza ulivyoingia kati ya njumu za kiatu chake, na namna alivyozidi kuvuta ukazidi kujifunga. Mama alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

"Ulitoka mapema," alisema.

"Mama, ni pale palipokauka."

"Nimesikia pamekauka. Ulitoka mapema. Tangu ukiwa mdogo nakuambia, subiri udunde ndipo utoke, hutaki."

Kipa alifungua mdomo kujitetea, akamtazama dada yake, na ghafla wote wawili wakaanza kucheka, Kipa akashika ukingo wa sinki. Mama aliwaacha wacheke, kisha akauliza kama kuna mtu anayekumbuka chai.

Kuhusu video, Kipa alitoa uamuzi wake wakati wa kuondoka, mlangoni, kwa maneno machache kama kawaida yake. Iondolewe tarumbeta. Iondolewe lile jina. Isitumiwe kwenye matangazo ya biashara ya mtu yeyote. Lakini ibaki, na juu yake iwekwe sauti ya Chiriku, akieleza goli mwanzo hadi mwisho kama alivyolieleza jikoni.

"Na ile ya kutoka mapema?" Chiriku aliuliza.

"Hiyo iache. Hiyo ni siri ya familia."

Bima alikubali haraka kuliko walivyotarajia. Washirika wake walinung'unika kidogo, wakatia saini. Fundi mwenyewe ndiye aliyeiondoa tarumbeta. Alikwenda kumwonyesha Kipa kwenye ghala la vigae wakati wa mapumziko ya mchana, wakaiangalia wamesimama kati ya maboksi, na ilipokwisha Fundi akasema, "Shemeji, nilikukosea." Kipa akamwambia yameisha, akamwomba amsaidie kushusha maboksi mawili ya juu. Fundi, ambaye hakuzoea kubeba chochote kizito kuliko kompyuta, mgongo ulimuuma wiki nzima, na hakulalamika.

Video mpya haikupata watazamaji kama ile ya zamani. Ile ya zamani bado inazunguka, na bado kuna watu wanaomwita Kipa kwa lile jina. Lakini makocha wa makipa waliisambaza ile mpya kwa wanafunzi wao, na mmoja wao, mtu wa mbali kabisa, aliandika kumuuliza Kipa kama anaweza kuzungumza na vijana wake.

Muungano wenyewe ulikuwa na mazuri yake na machungu yake. Picha zikawa safi na sauti zikawa nyingi. Wasio na bando la kutosha wakawekewa njia ya kusikiliza bila picha, na ikawa na wateja kuliko Bima alivyodhani. Chiriku alipewa watangazaji wenye tai awafundishe. Aliwafumba macho kwa vitambaa, akamwacha mmoja bila kitambaa aeleze mchezo, na wengine wakisikiliza. Wawili walipenda. Mmoja alisema hakusomea uchawi huo, akahamia redioni. Mpiga picha mmoja wa zamani alishindwa na vikao na kadi za kufungulia milango, akarudi kwenye harusi, na hadi leo ni mtu mwenye furaha. Mpira wa wavu wa wanawake ulipunguziwa siku, na Chiriku amelipigania jambo hilo katika kila kikao. Mpaka sasa amerudishiwa siku moja.

Kipa aliombwa aajiriwe kama mchambuzi, akakataa. Alisema kuzungumza ni kazi ya dada yake. Lakini siku ya mechi ya kwanza ya Filimbi Kwanza alikuja uwanjani na mama, akamshika mkono kwenye ngazi za jukwaa, akamweka kwenye kiti nyuma ya meza ya matangazo, na yeye mwenyewe akaketi pembeni.

Mambo yalichelewa. Bango la uzinduzi lilikuwa limechapwa vibaya, Filimbi Kwaza, na Bima, akiwa na suti yake nzuri, alikuwa juu ya ngazi ya mbao na kalamu ya wino mzito, anaongeza herufi. Fundi alikuwa chini akimshikilia ngazi na kumwambia ainyooshe ile N. Kamera mbili hazikuwa zimewaka. Sauti tu ndiyo ilikuwa hewani.

Kwa hiyo Chiriku akaanza kusema. Alisema timu zilivyovaa, na kwamba mwamuzi anakagua wavu kwa mkono, na kwamba kuna wingu moja tu, liko upande wa goli la kusini na halina nia mbaya. Kipa akamgusa kiwiko, akamwonyesha kitu kwa kidole. Chiriku akageuka akatazama, kisha akamsogezea kipaza sauti.

"Sema wewe," alisema.

Kipa alifikiri kwanza.

"Kipa wa wageni amevaa glovu mpya," alisema. "Hajazizoea. Anazipiga piga."

"Tumwangalie," Chiriku akasema, na mwamuzi akapeleka mpira katikati.